Gurudumu la Pande Mbili

Mwanangu Severina alijifunzia baiskeli kwenye baiskeli mbovu, na nadhani mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Tulikuwa tukiishi kijijini, upande wa Ikungi. Baba yake, marehemu Philipo, alikuwa akipeleka mkaa mnadani kwa baiskeli kubwa nyeusi. Mwaka mmoja friwili ikafa. Friwili ni kile chuma cha meno kwenye gurudumu la nyuma kinachoiruhusu miguu ipumzike: ukiacha kukanyaga, pedeli zinatulia na gurudumu linaendelea na safari yake. Ya Philipo ikawa haishiki tena, anakanyaga hewa. Siku hiyo mnadani hakukuwa na nyingine. Mchomeleaji akaichomelea mpaka ikawa kitu kimoja na gurudumu. Philipo akasema ni ya kumfikisha nyumbani tu. Ilikaa miaka minne.

Baiskeli ile haikuwa na pumziko. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Breki zilikuwa zimekatika zamani, kwa hiyo Philipo alisimama kwa kukaza miguu tu, anasukuma pedeli kinyume mpaka baiskeli imtii. Alikuwa akirudi nyumbani magoti yakitetemeka kama mtu mwenye homa.

Severina alikuwa na miaka minane. Kiti hakukifikia, akapitisha mguu chini ya bomba la fremu kama watoto wote wanavyofanya, mwili umejikunja upande mmoja, akazunguka uwanja. Mimi nilikuwa napepeta mtama. Niliona pedeli zinampeleka mguu juu chini, juu chini, nikatupa ungo.

"Shuka!"

"Siwezi, mama, haisimami!"

Na alikuwa anacheka.

Philipo alipofariki tulihamia Singida mjini, Mandewa, kwenye nyumba ya shemeji yangu. Nyumba iko juu, na mbele ya geti barabara inateremka moja kwa moja mpaka barabara kubwa ya malori. Nilipoiona mara ya kwanza sikuangalia vyumba. Niliangalia ule mteremko.

Severina alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Akakaa mwaka mzima kwa fundi mmoja sokoni, akijifunza kuziba pancha na kusuka spoku. Kisha akajenga banda la mabati ubavuni mwa nyumba yetu na kuanza kazi yake mwenyewe. Ni miaka sita sasa. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuona kwenye simu baiskeli za watu wa mbali, nyembamba, hazina breki wala gia za kubadilisha, na miguu ya mwendeshaji haitulii. Wanaziita fiksi. Wakaja kumwuliza kama anaweza kutengeneza.

"Hiyo si ya baba?" akaniambia jioni ile, anacheka. "Mama, baba alikuwa na fiksi!"

Nilimwangalia akifanya kazi miaka yote hiyo, kwa sababu mahali ninapochambua mboga panatazamana na mlango wa banda. Ananunua fremu kuukuu ya mtumba. Anakata kwa msumeno kila kisichohitajika, vishikio vya breki, vya bati la kuzuia matope, vya kubebea mzigo, kisha anapiga tupa mpaka mahali palipokatwa hapajulikani. Usukani anaupunguza pande zote mbili ili mtu apite kati ya bajaji mbili. Mteja anasimama ukutani, naye anampima mguu kwa mti wa fagio. Halafu anauliza, "Unakaa wapi, na kazini unaenda wapi?" Kwanza nilidhani ni udadisi. Kumbe anahesabu upepo. Upepo wetu wa Singida hausamehe mtu. Anayekwenda kazini akipambana nao anawekewa meno mengi nyuma ili miguu iwe nyepesi, na anayesukumwa nao anawekewa machache. Hakuandika popote. Alijua kila mteja na upepo wake.

Lakini mwaka jana baiskeli hizo zilimla kidole. Alikuwa anafuta cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kitambaa kikanaswa, kikavuta mkono, na kwa kuwa gurudumu la fiksi haliachii, meno yakapita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ncha yake tuliikuta kwenye vumbi. Alifunga kidole kwa kile kitambaa chenye mafuta na kusema, "Ni kosa langu, mama, nilijua."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha tena. Akitoka getini nilikuwa nahesabu. Nikifika arobaini huwa ameshapita kwenye rundo la kokoto la wale wanaoponda mawe. Nikifika sitini ameingia barabara kubwa. Baada ya hapo hakuna cha kuhesabu, nasubiri tu.

Jirani yangu Jenifa alikuwa anapita na ndoo yake na kunitania. "Mama Severina, mwanao anauza baiskeli zisizo na breki. Majeneza anauza nani hapa mtaani, tuungane naye?"

Nilikuwa nacheka. Nikiingia ndani sichangamki.

"Weka breki hata moja," nilimwambia Severina. "Ya mbele tu."

"Breki ni miguu, mama."

"Miguu inachoka."

"Yangu haichoki."

Sasa lazima nieleze gurudumu lenyewe, kwa sababu ndilo lililoniponza. Wateja wengi wakichukua fiksi wanaogopa siku za kwanza. Kwa hiyo Severina alikuwa anasuka gurudumu la nyuma lenye pande mbili: upande huu una meno yaliyokufa, yasiyopumzika, upande ule friwili ya kawaida. Unafungua nati mbili kwa spana namba kumi na tano, unachomoa gurudumu, unaligeuza, unarudisha cheni, unakaza. Basi, baiskeli imekuwa nyingine. Mteja anayejifunza anafungiwa breki za muda na kuanza upande wa friwili. Akizoea, anageuza na breki zinatolewa. Nimeona jambo hilo likifanywa labda mara mia mbili. Baiskeli ya Severina mwenyewe, ile aliyoipaka rangi ya alizeti, ilikuwa na gurudumu la namna hiyo hiyo.

Mwezi wa nane akaja Paschal. Huyu alikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza, kisha akahamia Dodoma na kufungua karakana ya baiskeli. Alinisalimia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akazunguka zunguka na habari za afya na mvua, mwishowe akasema.

"Mama, namwomba Severina. Dodoma watu wanazitaka hizi baiskeli na mimi sina mikono kama yake. Chumba kipo, karakana ipo. Wiki ijayo akiwa tayari."

"Dodoma ina malori mengi," nikasema.

"Na hapa je, mama?"

Severina alikuwa anatabasamu huku ameinama, anazungusha spana mkononi. Nilijua ameshakubali. Nilimwona mwanangu kwenye barabara za Dodoma ambazo sizijui, bila breki, na mimi sipo hata kumhesabia.

Alhamisi, siku tatu kabla ya safari, aliingia kuoga mchana. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea banda. Nilikuwa nachambua mchicha. Nikaona spana iko juu ya benchi, mahali pake.

Nilichofikiri ni hiki, na nakiandika kama kilivyokuwa. Nilifikiri: baiskeli hii inamlazimisha mwanangu miguu, ndiyo iliyomla kidole. Nikiligeuza gurudumu, miguu yake itapumzika. Atakuwa kama watu wengine wote wanaopanda baiskeli mjini na kurudi nyumbani. Friwili kwangu ilikuwa ni usalama. Baba yake alitetemeka magoti miaka minne kwa kukosa friwili. Kwamba baiskeli ile haikuwa na breki, na kwamba ile miguu iliyolazimishwa ndiyo iliyokuwa breki, mwenyewe alishaniambia mara nyingi. Nililisikia neno hilo kama majibu ya mtoto mkaidi. Sikulisikia kama maelezo ya fundi.

Nilifungua nati. Niligeuza gurudumu. Nilirudisha cheni na kuivuta ikakaza, kama anavyofanya yeye, kwa kidole gumba. Mikono ilikuwa inanuka mafuta, nikaipaka majivu na kuinawa. Mchicha niliendelea kuuchambua.

Severina alitoka, amevaa, ana haraka, kuna mteja anamsubiri stendi. Yeye hupanda kwa kukimbia: anashika usukani, hatua tatu, anaruka kitini akiwa tayari getini. Nilianza kuhesabu. Moja, mbili. Aliondoka vizuri kuliko siku zote. Kwenye kumi na tano nikasikia sauti yake, fupi, si ya kuita mtu. Nilifika getini nikamwona chini kabisa, miguu yake inakanyaga kinyume na haipati kitu, inazunguka nyuma bure, na baiskeli inazidi kwenda. Lori lilikuwa linapita kwenye barabara kubwa. Aliliona. Akakata usukani, akajitupa kwenye rundo la kokoto.

Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Lori lilipita bila dereva wake kujua chochote.

Hospitalini, walipokuwa wanamfunga plasta, nilikaa kwenye benchi na viatu vyake mapajani. Nililia kama mama yeyote. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kidogo kilichotulia, na nilikitambua: sasa haendi Dodoma. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

Alipopata fahamu nzuri aliuliza baiskeli iko wapi. Jenifa alikuwa ameiburuta mpaka nyumbani, usukani umepinda. Severina aliporudi, kabla hata ya kuingia ndani, aliomba aionyeshwe. Aliegemea magongo, akaangalia nyuma, akaona friwili iko upande wa cheni.

"Niligeuza lini?" akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hapo ndipo pa kusema palipokuwa, pamefunguka kama mlango.

"Ingia ndani, mwanangu," nikasema. "Jua kali."

Wiki tano alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mguu juu ya stuli. Wateja walikuja wakarudi. Mmoja alileta ringi tu, isukwe, kazi ya mikono na wala haihitaji mguu. Alishika spoku ya kwanza, akaipitisha, akaichomoa. Akaipitisha tena. Akamwuliza yule kijana, "Hii naiona iko sawa, wewe unaionaje?" Sijawahi kumsikia akimwuliza mteja. Mwishowe akamrudishia ringi yake na kumwelekeza kwa fundi wa sokoni.

"Nilifanya kitu kile na sikumbuki," aliniambia siku moja. "Mama, nimegeuza gurudumu langu mwenyewe na sikumbuki. Je, nimewafungia wangapi vibaya na sikumbuki? Kuna mtu yuko barabarani sasa hivi kwenye baiskeli yangu."

"Usifikiri hivyo."

"Nifikirije?"

Nikaenda jikoni. Majibu yake nilikuwa nayo mimi. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, naye ananipotelea pale pale kwenye kiti, kila siku kidogo. Nyumba ilikuwa ndogo na kila nilikogeuka nilimkuta, nikimkuta naona mguu, nikiona mguu naona spana. Nilianza kuchambua mboga nyuma ya nyumba ili nisitazame banda.

Paschal alikuja tena kutoka Dodoma. Alikaa naye, nami nikasikia kila kitu kupitia dirisha la jiko.

"Ukipona unakuja. Nafasi yako nimeishikilia."

"Mtafute mwingine, Paschal."

"Mguu unapona, Seve."

"Mguu unapona. Fundi asiyejua gurudumu lake liko upande gani ni fundi gani? Wewe ungempandisha mwanao kwenye baiskeli yake?"

Paschal akageukia habari za chumba, na hilo lilimtosha Severina. Alipoondoka aliniaga kwa heshima zote, lakini alikuwa anaangalia chini.

Kesho yake Severina akamwita Idrissa, yule mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Sikujua mpaka nilipomwona getini, mizani yake ya ndoano begani.

"Shikamoo, mama. Nimeitwa. Nasikia leo mnatupa utajiri."

Severina alitoka kwa magongo yake. Alikuwa ameshatoa vitu nje asubuhi nilipokwenda kuteka maji: msumeno, tupa tatu, koleo, kile kifaa cha kunyooshea ringi alichokitengeneza mwenyewe kwa uma wa baiskeli ya baba yake, na baiskeli ya rangi ya alizeti. Vyote vimelazwa chini kwa mstari.

"Vyote hivi?" Idrissa akauliza. "Hata baiskeli? Hii mbona imepinda usukani tu."

"Pima vyote."

"Dada, chuma kikishaingia kwenye mkokoteni wangu hakina jina. Usije ukanifuata kesho unalia."

"Pima, Idrissa."

Akatundika mizani kwenye tawi la mwarobaini, akaokota kile kifaa cha kunyooshea ringi na kukitia ndoano. Kikaning'inia. Uma ule ndio Philipo aliokuwa akiegemeza kwenye ukuta wetu wa kijijini kila jioni.

"Kishushe," nikasema.

"Mama?"

"Nimesema kishushe."

Niliiendea baiskeli, nikaisimamisha juu chini, imekalia kiti na usukani wake uliopinda. Spana namba kumi na tano ilikuwa kwenye ule mstari, ya nne kutoka kushoto. Nikashika nati ya kwanza.

"Mama, unafanya nini?"

Ningejibu, nisingemaliza. Nilifungua nati ya kwanza na ya pili. Nilitoa cheni. Nilichomoa gurudumu, nikaligeuza, meno yaliyokufa yakaja upande wa cheni. Nikarudisha, nikavuta nyuma kwa kidole gumba, nikakaza kulia, nikakaza kushoto. Kisha nikazungusha pedeli kinyume kwa mkono na gurudumu likarudi nyuma pamoja nayo.

Idrissa alikuwa ameshika mizani, mdomo wazi. "Kumbe na mama ni fundi!"

Severina hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Nani kakufundisha?"

"Nimekaa nachambua mboga pale miaka sita."

"Alhamisi ile," akasema taratibu, "nilikuwa naoga."

"Ulikuwa unaoga."

Upepo ulikuwa unapiga mabati ya banda. Nilisema yote, nimesimama na spana mkononi, kwamba nilitaka miguu yake ipumzike, kwamba sikuwaza breki, kwamba aliporudi kutoka hospitali nilinyamaza kwa woga na kila siku iliyofuata woga ukazidi. Ile ya benchi la hospitali sikuisema. Hiyo ni ya kwangu.

"Wiki tano, mama," akasema. "Wiki tano umeniona nadhani nina kichaa."

"Nisamehe, mwanangu."

Alijiburuta kwa magongo mpaka kwenye baiskeli. Akashika gurudumu, akalitikisa kulia na kushoto kutafuta kama linacheza. Akagusa nati moja, kisha nyingine.

"Umekaza sawasawa," akasema, si kwangu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale. Halafu, "Idrissa, hakuna cha kupima leo."

"Na safari yangu yote hii je?"

"Chukua hilo sufuria bovu la mama, hapo mlangoni."

Nilidhani atanilaumu, apige kelele, mtaa ujae. Hakufanya hivyo. Mchana ule ule aliagiza ile ringi irudishwe kutoka kwa fundi wa sokoni kama bado haijasukwa. Akaingia nayo bandani, akakaa chini na mguu wake wa plasta umenyooka mbele, nikasikia spoku zinalia moja moja anapozijaribu kwa kucha. Kesho yake akanunua kufuli. Miaka yote banda lile lilifungwa kwa kipande cha waya. Sasa akiwa ndani anafunga kwa ndani, na akitoka anaondoka na ufunguo. Mahali pangu pa kuchambulia mboga bado pako pale, panatazamana na mlango uliofungwa.

Tunasalimiana. Shikamoo yake haijawahi kukosekana asubuhi hata moja. Anakula ninachopika. Akiulizwa na wateja kuhusu gurudumu la pande mbili anasema hatengenezi tena, anayetaka friwili akanunue baiskeli yenye friwili na breki zake. Jenifa aliniuliza kulikoni siku hizi hatuketi pamoja. Nikamwambia ana kazi nyingi. Hilo ni kweli: Paschal ameleta oda saba, na Januari Severina anahamia Dodoma. Siku imeshapangwa. Sijaulizwa.

Plasta ilitolewa mwezi wa kumi na moja. Wiki mbili baadaye akaanza kupanda tena, usukani umenyooshwa, rangi ya alizeti imepakwa upya. Bado hana breki. Hakimbii tena kupanda. Anaisukuma baiskeli mpaka getini, nami nipo uani na ndoo au na ufagio, kwa sababu siwezi kukaa ndani saa hiyo. Anasimama. Anainua gurudumu la nyuma kwa mkono wa kushoto, wenye kidole kifupi, na kwa mkono wa kulia anazungusha pedeli kinyume, mpaka aone gurudumu limerudi nyuma. Anafanya hivyo kila asubuhi mbele yangu, bila kunificha na bila kunitazama. Kisha anapanda, nami naanza kuhesabu.